Ratiba Niliyowaandikia Wezi

Mwizi wa kwanza kuiba katika ploti yangu nilimfungulia lango mimi mwenyewe. Alikuwa na sanduku la bati begani na faili kwapani, jasho linamtiririka, nikamwonea huruma. Niliondoa komeo, nikamshikia lango kwa mikono miwili, nikamwambia, "Polepole, daktari. Elimu ni mzigo." Akanijibu kwa adabu, "Asante, Mzee, Mungu akubariki." Nikarudi kitandani kumalizia usingizi wangu wa saa nne asubuhi, nikijiona mtu mwema sana.

Na hilo bado silo kosa ninalotaka kuungama. Kosa lenyewe lilikuwa ukutani wiki tatu kabla ya siku hiyo, kwa mwandiko wangu mzuri, kwa wino wa rangi mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chuo kikuu cha serikali kilikuwa kimefunguliwa huku kwetu, mlimani juu ya Kisumu, mahali ambapo asubuhi unaliona ziwa kule chini linang'aa kama bati jipya. Wanafunzi walikuja wengi kuliko vitanda. Chumba cha bweni cha watu wawili kililala wanne, na sakafuni katikati yao wakajibanza wengine walioitwa mapairati, yaani wale ambao chuo kiliwapa nafasi ya kusoma kikasahau kuwapa nafasi ya kulala. Kila mwenye kipande cha ardhi karibu na chuo akageuka mjenzi. Mimi nilikuwa na kipande cha marehemu baba. Nikajenga vyumba sita vya matofali kwa mstari mmoja, milango ikitazama barabara, na nyumba yangu ikabaki nyuma, kwenye migomba.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na siku chama kilipofungwa nilirudi, nikavua viatu, nikakosa sababu ya kuvivaa tena. Mke wangu alifundisha shule ya msingi kule Sondu, akirudi kila Ijumaa, na wenzake walipomuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Pale nilipomwacha." Jirani yangu, mama mmoja kutoka upande wa Kakamega aliyeuza chapati na maharagwe kwenye kibanda karibu na lango langu, alikuwa na maneno makali zaidi. "Landilodi," aliniambia, "hii nyumba siku moja itatoka iende matembezi ikuache hapo."

Chuo kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Sikuwa nimekanyaga huko hata siku moja. Nilisoma hadi kidato cha nne. Nafasi ya kuendelea haikuja, nami sikuifuata ilikokwenda. Kwa hiyo walipohamia wanafunzi sita kwangu, wasichana wawili na wavulana wanne, niliona chuo kimenifuata chenyewe, kama nilivyokuwa nikitarajia kila kitu kinifuate.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilimwomba kila mmoja ratiba yake ya masomo. Nikanunua karatasi ya manila, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika vyote: namba ya chumba kwa wino mwekundu, siku, saa na somo kwa wino mweusi. Chumba namba tatu, Jumanne, saa nne hadi saa sita, Hisabati. Na kadhalika hadi namba sita. Kisha nikaibandika ukutani barazani, upande wa barabara, ili kila apitaye ajue kwamba hapa hatukai na kuku tu.

Watu walisimama wakasoma. Nilifurahi mno. Kijana mmoja mwenye faili alisoma kwa muda mrefu kuliko wote, akatoa kijidaftari, akanakili. Nikasema moyoni, huyo anamtafuta mwenzake wa darasa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwita daktari kila alipopita.

Chumba namba tatu alikaa msichana kutoka Muhoroni, binti wa dereva wa lori la miwa. Alikuwa anasomea ualimu wa hisabati, mwaka wa pili, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yake. Mwaka wa kwanza aliumaliza akiwa pairati, kichwa chini ya meza ya rafiki yake, miguu mlangoni. Aliponijia kuomba chumba aliangalia kitanda kwanza, akakikalia, akasema, "Mzee, leo nitajinyoosha."

Jumanne ile alirudi kutoka darasani akakuta kufuli limeachwa wazi likining'inia. Makufuli yangu yalikuwa ya bei rahisi, ufunguo mmoja unafungua matatu. Sanduku lake la bati halikuwepo, na ndani yake mlikuwa na nguo, stovu ya mafuta taa, na notsi za miaka miwili. Mitihani ilikuwa wiki tatu mbele.

Hakulia. Alisimama mlangoni akaniambia, "Nguo nitaazima, Mzee. Notsi naazima kwa nani?"

Ikabidi niseme. Nikamweleza kijana niliyemwona na sanduku, mbele ya wapangaji wote na mama wa chapati aliyekuwa amekuja na unga mikononi.

"Ngoja," alisema mama. "Ulimfungulia?"

"Nilimshikia tu lango."

"Na mkono moja ama mbili?"

"Miwili."

Alikaa chini barazani, akacheka hadi machozi. Kisha akajipangusa macho kwa kiwiko. "Sasa niambieni. Huyo mwizi anajua aje namba tatu ako lekcha Jumanne saa nne?"

Tuligeuka mmoja baada ya mwingine, tukautazama ukuta. Manila yangu ilikuwa pale, imenyooka, inapendeza.

Msichana aliisogelea. Aliusoma mstari wake, akaupitishia kidole. "Mzee," alisema mwishowe, "angalau una mwandiko mzuri."

Ningependa kusema nilitafuta shimo la kujizika. Sikulitafuta, niliingia nyumbani kwangu, nikajifunika shuka hadi kichwani. Shimo langu nilikuwa nalo tayari.

Kesho yake baba yake alifika, lori la miwa likinguruma barabarani kama limekuja kunikamata. Aliniita jaduong', mkubwa, kama mtu anavyomheshimu mwenye nyumba kabla ya kumvua nguo.

"Jaduong', mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nisikize. Ndani ya chuo, mtoto wangu amelala chini ya meza. Nje ya chuo, mwizi anafunguliwa mlango kama askofu. Chuo ambacho hakina mahali pa kulala si chuo, ni soko."

"Baba, ni wiki tatu tu," binti alisema. "Nifanye mitihani kwanza."

"Utafanya na notsi gani?"

Binti aliangalia pale sanduku lake lilipokuwa.

"Jumapili nakuja na lori tupu," baba akasema. "Utapakia vitabu, utapakia godoro, turudi nyumbani. Kuna mahali pa ukarani kiwandani. Afadhali karani mzima kuliko mwalimu ameuawa."

Akaondoka. Vumbi lilipotulia nilikwenda ukutani kuibandua ile manila. Nilikuwa nimeshika pembe ya juu nilipomsikia msichana nyuma yangu.

"Usiibandue."

"Mtoto wangu, imetuponza hii."

"Ndiyo. Mwizi anaiamini." Alisema hivyo kwa upole, kama anamweleza mtoto wa darasa la kwanza hesabu ya kutoa. "Mzee, yeye anakuja kwa sababu ratiba inamwambia hakuna mtu. Basi tumwandikie saa ambayo mtu yupo."

Mama wa chapati alipiga makofi, unga ukaruka. "Huyu ndiye anaenda kuwa karani? Woi!"

Tulipanga palepale. Chumba namba tano alikaa kijana mwenye radio kaseti kubwa ambayo barabara nzima iliijua, maana alihakikisha inaijua; mwizi angeanzia hapo. Ijumaa asubuhi hakukuwa na mpangaji mwenye darasa. Nikachukua wino mwekundu, nikaandika chini ya ratiba: MABADILIKO. Ijumaa, saa nne hadi saa sita, vyumba vyote, somo la pamoja. Msichana alisema watu wa chuo hawaamini ratiba, wanaamini mabadiliko. Jioni ya Alhamisi mama aliniita kutoka kibandani kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Amepita na faili yake. Amesoma taimtebo mara mbili. Hata amekuambia pole na kazi, ulikuwa unafagia."

Ni kweli. Nilikuwa nimemjibu, "Asante, daktari."

Likabaki swali la nani atakaa ndani. Wavulana wote walijitolea, na wote walikuwa na rungu. Nilikataa. Kosa lilikuwa langu. Tena, nikawaambia, hii ni kazi ya kukaa ndani ya nyumba saa mbili bila kutoka. Katika watu wote hapa, nani ana ujuzi wa miaka mingi? Walicheka, wakanikubali. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza tabia yangu kutajwa kama sifa.

Ijumaa saa tatu na nusu wapangaji wote walitoka na vitabu, wakipiga kelele za makusudi, wakaenda kuketi kwenye kanisa la karibu. Mimi niliingia namba tano nikiwa na chupa ya chai na karanga. Mama wa chapati alifunga kufuli kwa nje, kufuli jipya kabisa, na la zamani akaliweka mfukoni mwa aproni.

"Jipya hataweza kulifungua!" nilinong'ona kupitia dirisha.

"Haya basi, nabadilisha. Wewe unaogopa mpaka unakuwa na akili."

Akaweka la zamani. Nikakaa kwenye kiti, radio kaseti ikinitazama. Nilikunywa chai. Nilikula karanga. Na hapa sina budi kusema ukweli wote: nilisinzia. Saa nne ni saa yangu, mwili unaijua. Niliweka kichwa mezani juu ya kitabu cha uchumi nikalala kama mtu asiyedaiwa chochote na dunia.

Kilichoniamsha ni sauti ndogo ya kufuli. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na faili ikaingia mbele ya mwenyewe. Tukatazamana. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Alhamisi. Yote yalipotea, na mdomo wangu ukasema ulichozoea kusema.

"Karibu, daktari."

Alirudi nyuma hatua moja. "Samahani, Mzee. Nafikiri nimekosea chumba."

"Hapana, hujakosea. Namba tano, Ijumaa, saa nne. Umefika kwa wakati."

Aligeuka akimbie. Lakini mama wa chapati alikuwa ameshavuka barabara kwa mwendo ambao mpaka leo unasimuliwa. Alimsukuma ndani kwa kifua, akaubamiza mlango, akapachika kufuli jipya, kla! Kisha akapiga sufuria kwa mwiko. Mpango ulikuwa nitoke mimi kwanza. Hilo alilikumbuka baadaye.

Basi nikawa nimefungiwa na mwizi wangu.

Hatukupigana. Alikuwa mwembamba kuliko faili yake ilivyomfanya aonekane, na nje kelele zilikuwa zimeanza kuvimba. Wapangaji wangu walirudi mbio, na nyuma yao wanafunzi wa ploti nyingine, maana kila ploti ilikuwa imeibiwa. Nikaona kupitia dirisha mikono ina mawe. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, mtoe huyo! Tupe sisi!" Kijana alikuja akajibanza nyuma ya mgongo wangu.

"Sifungui," nikasema dirishani. "Na nikitaka kufungua siwezi. Ufunguo uko kwa Mama."

Wote wakamgeukia. Mama aliutoa ufunguo mfukoni, akauinua juu wauone vizuri, kisha akautumbukiza kifuani mwake, ndani kabisa.

"Haya," akasema. "Mwanaume anataka ufunguo akuje achukue. Nani wa kwanza?"

Wakacheka. Huwezi kucheka vile na jiwe likabaki mkononi. Msichana wa namba tatu akasimama mlangoni, mgongo wake ukigusa mbao, akasema, "Mkimuua nitauliza nani notsi zangu?" Mawe yakaanza kudondoka moja moja. Kijana wa namba tano akatumwa mbio kwa chifu kuita askari.

Ndani, tukingoja, nilimpa mwizi karanga zilizobaki.

"Notsi za yule msichana ziko wapi?" nikamuuliza.

"Nyalenda, Mzee, kule mjini Kisumu. Chumbani kwangu. Stovu imeenda. Sanduku lipo."

"Hukuzitupa?"

"Nilizifungua nione ni kitu gani." Akatikisa kichwa. "Mimi niliishia kidato cha nne, sikuelewa hata mstari."

"Hata mimi," nikamwambia, na kwa muda mfupi tukawa watu wawili wa kidato cha nne tumekaa kitandani kwa mtu.

Askari walimchukua akiwa mzima. Jumamosi ilibidi mtu aende Kisumu na msichana kulitambua sanduku, na mtu huyo nilikuwa mimi, shahidi aliyelishikia lango. Viatu nilivikuta chini ya kitanda vimekauka kama samaki wa juani. Mke wangu, aliyekuwa amefika kutoka Sondu, alikaa chini kunitazama nikivivaa. Kisha alikwenda kuwaita majirani nao waone.

Sanduku lilifunguliwa mezani. Stovu hakuna, nguo nusu, lakini notsi zote zilikuwepo, zimefungwa kwa uzi ule ule. Msichana alizihesabu ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho ndipo akalia.

Jumapili lori lilifika, tupu kama ilivyoahidiwa. Baba mtu alishuka akakuta sanduku liko barazani, na binti yake amekaa juu yake anasoma. Hakuinuka. Baba akamwangalia, akayaangalia makufuli sita mapya, akauangalia ukuta. Manila haikuwepo tena. Palikuwa na kiti changu tu, kati ya lango na vyumba.

"Na hiki kiti?"

"Changu," nikasema. "Nimehamia hapa. Anayeingia aniambie anamtafuta nani. Awe na faili au asiwe nayo. Wenye darasa la jioni wanarudi kwa kundi, wanapita mbele yangu, naita majina. Akikosa mmoja, wengine wanarudi njiani kumtafuta."

Alikitikisa kiti kuona kama ni imara. "Na siku umeenda mjini?"

Kwanza alicheka kijana wa namba tano. Kisha wakacheka wote sita. Mama wa chapati aliegemea nguzo ya kibanda chake. "Huyu? Mjini? Baba, jana ameenda mara ya kwanza, majirani walitoka kutazama kama ni harusi!" Mke wangu naye, ambaye nilitarajia anitetee, alikuwa anafuta macho kwa kanga.

Dereva alisikiliza kicheko kile hadi kikaisha. Nadhani ndicho kilichomshawishi kuliko makufuli. Alikwenda kwenye lori, akafungua mlango, akateremsha fungu la miwa akalitua karibu na kiti changu.

"Jaduong', kaa," alisema. "Usitoke hapo." Kisha akamgeukia binti yake. "Soma." Lori likarudi Muhoroni tupu.

Alifanya mitihani yake. Alifaulu. Na hapo kwangu, mpaka yeye na wenzake wanamaliza, hakikupotea tena hata kijiko. Ploti nyingine zikaweka viti vyao langoni, kila moja na mzee wake, na ikifika saa kumi na mbili jioni barabara yote kutoka chuoni ilisikika majina yakiitwa, huyu akiitika huku, yule kule, hadi kilima kikanyamaza kwa sababu kila mtu amefika.

Siku ya mahafali alinipa kadi ya mwaliko. Baba yake alikuwa na moja, mimi nikawa na moja. Nilivaa viatu vile vile na suti ya harusi yangu iliyonibana pote ilipoweza, nikatembea zile dakika kumi nilizoshindwa kuzitembea miaka yote. Nilikaa juani nikasubiri jina lake. Lilipoitwa, dereva wa lori alipiga ukelele uliowafanya wakubwa jukwaani wageuke, nami nikapiga wa pili, wangu ukawa mrefu zaidi. Msichana alinivika kofia yake nyeusi kichwani, na nikarudi nayo nyumbani hivyo hivyo, nikipita katikati ya barabara, nikiitikia salamu hata za watu ambao hawakunisalimu.

Nilisimama mbele ya kibanda cha mama wa chapati, nikaiweka kofia sawa, nikangoja. Aligeuza chapati. Akaigeuza tena. Kisha akaniangalia kutoka kofia hadi viatu, akasema:

"Digrii ni ya mtoto wa watu, Landilodi. Wewe kitu ulifanya ni kukaa ndani ya nyumba, na hiyo umekuwa ukifanya tangu zamani bila kuombwa."